Bati la Maskini

Kuna neno limeingia katika Kiswahili cha mitaani bila kubisha hodi, nalo ni "kaya maskini". Mwanzoni lilikuwa neno la makaratasi, la semina na la maofisa wanaoshuka kwenye magari yenye vioo vyeusi. Leo ukipita kijiweni hapa Kiomboi, ukamkuta kijana anaomba apunguziwe bei ya chai, utasikia wenzake wanamkata: "Acha ukaya maskini wewe!" Watu wanacheka, chai inanyweka, maisha yanaendelea. Lakini mimi ni kijana ninayeota kuandika riwaya siku moja, na kazi ya mwandishi kabla ya kuandika ni kusikiliza. Kila nikilisikia neno hili najiuliza: limetoka wapi, na limembeba nani mgongoni?

Nimeamua kulifuatilia. Digrii ya historia sina. Masomo yangu yaliishia kidato cha nne. Hata hivyo, historia ninayotaka kuisimulia haijajificha maktaba. Ipo juu ya vichwa vyetu. Ni historia ya paa. Kwetu Iramba ukitaka kumjua mtu unatazama juu: huyu ana nyasi, huyu ana bati lililopata kutu, huyu ameezeka msauzi wa rangi ya damu ya mzee. Kabla hujamsalimia umeshampima.

Hoja yangu ni fupi. Serikali, kwa nyakati zake mbalimbali, imekuja kuihesabu nyumba ya mnyonge mara tatu: mara ya kwanza ili imtoze, mara ya pili ili imhamishe, na mara ya tatu ili impe. Mara zote tatu nyumba ndiyo iliyosimama kizimbani kutoa ushahidi. Na mara hii ya tatu, ambayo ndiyo ya heri, ndiyo iliyomletea mnyonge kejeli kuliko zote. Kwa nini?

KUHESABIWA ILI ULIPE

Wazee wetu Wanyiramba, kama jirani zao Wanyaturu na Wagogo, waliishi katika tembe. Kijana wa leo akisikia tembe anafikiri ni kibanda cha mtu aliyeshindwa maisha. Sivyo. Tembe ni nyumba ya kuta za miti na udongo, na paa lake ni bapa: boriti, juu yake fito, juu yake nyasi, juu yake udongo uliopigwa ukashikana. Nchi yetu ina msimu mmoja tu wa mvua, kuanzia Novemba hivi hadi Aprili, na upepo wa uwandani hauna mchezo. Tembe inamwinamia upepo. Mchana wa jua kali ndani kuna ubaridi, usiku wa kipupwe ndani kuna joto. Juu ya paa unaanika mtama. Na vifaa vyote vinatoka porini, bila risiti. Kama tunatafuta nyumba ya gharama nafuu, basi wazee walishaijenga kabla maneno hayo hayajatungwa. Ubaya wake ni kwamba mvua ikizidi inavuja, na kila mwaka lazima udongo wa paa urudishiwe. Asiye na nguvu za kurudishia, au asiye na watoto wa kumrudishia, hulala na dumu kando ya kitanda.

Katika nchi ya matembe wakaja Wajerumani. Mwaka 1898 walianza kutoza kodi ya nyumba katika koloni lao zima, na huko mashamba kiwango kilikuwa rupia 3 kwa nyumba. Shabaha haikuwa fedha peke yake. Mtu asiye na rupia alilazimika kwenda kuitafuta, na rupia zilikuwa kwenye mashamba makubwa, kwenye ujenzi wa reli, na baadaye kwenye machimbo ya dhahabu ya Sekenke huko chini ya mteremko. Kwa hiyo nyumba, ambayo ilikuwa mahali pa kupumzikia, ikageuka kuwa kamba ya kumvuta mtu kwenye kibarua. Waingereza walipochukua nchi hawakuitupa kamba hiyo. Mwaka 1922 walitunga sheria yao ya kodi ya nyumba na ya kichwa. Wananchi nao hawakuwa mabwege. Mahali pengi walianza kubanana, familia mbili tatu chini ya paa moja, ili nyumba za kuhesabiwa zipungue.

Hapo ndipo paa lilipojifunza kusema uongo. Mwenye nyumba tatu alikuwa na hasara; mwenye moja alikuwa na nafuu. Kodi za namna hiyo zilibadili majina, zikafutwa, zikarudi, na ya mwisho, kodi ya maendeleo, ilifutwa mwaka 2003. Wazee bado wanakumbuka wanaume wazima walivyokuwa wakilala vichakani kuwakimbia mgambo. Cha kujifunza ni hiki: mtu aliyehesabiwa miaka mia ili anyang'anywe hawezi kumwamini upesi mtu anayekuja na daftari akisema safari hii nimekuja kukupa.

Wakati huohuo bati lilikuwa linaingia. Wamisionari Walutheri wa Augustana kutoka Marekani walifika Iramba miaka ya 1920, na pamoja na Injili, shule na dawa, watu waliona pia namna yao ya kujenga. Boma likawa na bati. Duka likawa na bati. Bati likawa sauti ya mwenye uwezo: mvua ikinyesha mtaa mzima unasikia kwamba fulani amepata. Tembe ikinyeshewa, kimya.

KUHESABIWA ILI UHAME

Uhuru ulikuja, na Azimio la Arusha mwaka 1967. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere akatangaza kwamba kuishi katika vijiji si ombi tena bali ni amri, na lengo lilikuwa ifikapo mwisho wa mwaka 1976 wananchi wote wa mashambani wawe wameshakusanyika. Mamilioni ya watu walihama nchi nzima, na mkoa wetu wa Singida haukuachwa.

Kijijini kulikuwa na mema yake: shule, zahanati, bomba la maji mahali lilipofika. Sitaki kuwa mtu wa kusahau hayo. Ninachosema ni kwamba tembe haihamishiki. Boriti unaweza kuzing'oa na kuzibeba, lakini udongo uliokanyagwa miaka ishirini unaubebaje? Watu waliambiwa wajenge upya, kwa mistari iliyonyooka, tena upesi kabla ya mvua. Aliyekuwa na vijana wenye nguvu alijenga. Mjane alijenga kibanda cha fito na nyasi, akajiambia ni cha muda. Vibanda vingi vya muda vilizeeka pamoja na wenyewe.

Jambo moja la enzi hizo nalipenda sana. Mwaka 1977, katika kitabu chake cha kulitathmini Azimio baada ya miaka kumi, Mwalimu aliwalalamikia wananchi kwa ulevi wao wa saruji na bati. Alisema kwamba saruji nayo ni udongo tu, ila watu wanauthamini kwa kuwa wanauona ni udongo wa Ulaya. Kwamba wanakaa katika nyumba mbovu wakisubiri bati, kumbe wangeweza kuchoma matofali na vigae vyao wenyewe. Kwa hesabu alikuwa sahihi. Kwa moyo wa binadamu, sijui kama alisikilizwa. Mtu hanunui bati kwa ajili ya mvua tu. Ananunua heshima. Ukimwambia achome vigae, anasikia umemwambia abaki alipo.

WALIOPEWA BILA KUHESABIWA

Sasa tuondoke Iramba kidogo, twende mjini, maana bila mji hadithi hii haikamiliki. Serikali mpya haikuwasahau wenye shida ya nyumba. Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962, likaanza kubomoa vibanda Dar es Salaam, Magomeni na kwingineko, na kujenga nyumba za kisasa mahali pake. Kabla muongo haujaisha sera hiyo ikaachwa, kwa sababu kubomoa nyumba moja na kujenga moja hakuongezi nyumba, kunaongeza gharama. Mwaka 1971 ikaja sheria ya kutaifisha majumba ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Benki ya Nyumba ikaanzishwa kukopesha wajenzi. Msajili akaja kuunganishwa na Shirika la Nyumba mwaka 1990, na Benki ya Nyumba ikafa mwaka 1995.

Nani alifaidi? Waliopanga nyumba za msajili kwa kodi nafuu kuliko ya soko, wengi wao walikuwa watu wenye mishahara. Waliokopa Benki ya Nyumba walikuwa watu wenye uwezo wa kuweka dhamana. Na hata huku wilayani, mtumishi aliyehamishiwa Kiomboi alitafutiwa kota: nyumba ya matofali, bati juu, kodi ndogo inayokatwa kwenye mshahara. Kisha mwaka 2002 serikali ikaamua kuziuzia baadhi ya nyumba zake watumishi waliokuwa wakiishi humo, na bei zilizotumika zilizua mjadala wa miaka mingi bungeni na magazetini.

Sisemi watumishi hao ni wezi. Mwalimu anayefundisha watoto sabini darasa moja anastahili kulala pakavu. Nasema tu: je, umewahi kumsikia mtu kijiweni akimwambia mkaaji wa kota, "Wewe unakula vya bure"? Hujasikia. Ule nao ulikuwa msaada wa serikali, tena mkubwa. Ila haukuitwa msaada. Uliitwa stahili.

Siku hizi kuna nyumba mpya zinazoitwa za gharama nafuu, na zimejengwa katika miji mingi. Ni nzuri. Lakini hebu tupige hesabu ya kitoto. Chukua nyumba ya shilingi milioni 38, tuseme. Ruzuku ya juu kabisa ya kaya maskini mpango ulipoanza ilikuwa shilingi 38,000 kwa mwezi. Bibi wa kaya hiyo akiweka kila senti, asile, asivae, asiugue, ataimaliza nyumba hiyo baada ya miezi 1,000, yaani miaka 83. Nafuu ni neno tamu, lakini lazima tuulize: nafuu ya nani?

KUHESABIWA ILI UPEWE

TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, ulianzishwa mwaka 2000. Mwanzoni ulijishughulisha zaidi na miradi ya jamii: madarasa, zahanati, visima. Mwaka 2010 ulianza majaribio ya kuzipa kaya fedha mkononi katika wilaya tatu, Bagamoyo, Kibaha na Chamwino. Agosti 2012 Rais Kikwete alizindua Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, ambao ulikuja kuenea nchi nzima na kufikia zaidi ya kaya milioni moja. Februari 2020 Rais Magufuli alizindua kipindi chake cha pili.

Utaratibu ulikuwa hivi. Kijiji kinakusanyika, wananchi wenyewe wanataja kaya zilizo hoi. Kisha wanakuja wenye madodoso: mnalala wangapi chumba kimoja, choo kikoje, ukuta wa nini, sakafu ya nini, paa la nini. Majibu yanachakatwa, orodha inarudi, inasomwa mbele ya mkutano, watu wanaridhia. Anayeingia analipwa kila baada ya miezi miwili, na sehemu ya fedha ina masharti: watoto waende shule, wadogo wapelekwe kliniki. Wenye nguvu walipewa na kazi za mikono, kuchimba mabwawa na kulima barabara, kwa shilingi 2,300 kwa siku, siku 15 kwa mwezi, miezi minne katika mwaka. Ukizidisha unapata shilingi 138,000 kwa mwaka. Huyo ndiye anayeambiwa anakula bila kutoka jasho.

Tazama sasa mtego ulipo. Paa la nyasi lilikuwa moja ya mashahidi waliokuingiza kwenye orodha. Na ndoto ya kwanza ya mtu aliye chini ya nyasi ni nini? Bati! Ruzuku ya msingi ya shilingi 10,000 kwa mwezi ilikuwa ndogo kuliko bei ya bati moja la geji 28. Lakini maskini ana hesabu zake ambazo wachumi hawazijui. Ananunua kuku wawili, na sifa za kuku wa Singida unazijua. Kuku wanataga, wanatotoa, wanakuwa mbuzi. Mavuno ya alizeti yanaongeza kidogo. Anaingia kikundi cha kuweka akiba. Baada ya miaka mitatu minne anasimamisha chumba kimoja cha matofali ya kuchoma, bati nane juu, misumari ya kuazima.

Hapo ndipo minong'ono inapoanza. Alipokuwa chini ya nyasi walisema: mvivu, fedha anazipeleka kwenye pombe. Alipoezeka bati wakasema: kumbe hakuwa maskini, alijiandikisha kwa ujanja. Ukiwa na paa bovu wewe ni mzigo. Ukiwa na zuri wewe ni mwizi. Mwambie basi akalale wapi?

Kweli, udanganyifu ulikuwepo. Katika uhakiki uliofanyika kati ya mwaka 2015 na 2017, zaidi ya kaya 50,000 ziliondolewa kwa kukosa sifa, nyingine ni za viongozi, nyingine hazikuwepo kabisa. Hilo ni la aibu na halifai kufunikwa. Lakini pima: kati ya kaya zaidi ya milioni moja, walioondolewa ni kama mmoja katika ishirini. Wale kumi na tisa waliobaki kwa nini wabebe jina la yule mmoja? Na habari ya pombe, watafiti waliofuatilia yale majaribio ya mwaka 2010 hawakukuta fedha zikiishia kilabuni. Walikuta mbuzi na kuku wameongezeka, watu wana kadi za bima ya afya, na watoto wamenunuliwa viatu. Viatu, msomaji! Mtu anayelewa hamkumbuki mtoto miguu.

HERUFI BEGANI

Dharau hii si mali yetu peke yetu. Uingereza, mwaka 1697, ilitungwa sheria kwamba kila anayepokea msaada wa parokia ashonewe begani herufi P, iliyosimama badala ya neno la kwao lenye maana ya fukara, pamoja na herufi ya parokia yake. Alikula mkate akiwa ametiwa chapa. Mwaka 1834 wakaongeza ukali: msaada utolewe ndani ya nyumba za kazi, na maisha ya humo yawe duni kuliko ya kibarua maskini kuliko wote wa nje, ili watu waogope kuomba. Sisi hatujamshonea mtu herufi. Tumemsomea jina mkutanoni, kisha midomo yetu ikafanya kazi ya sindano.

Na sisi tuna kisingizio chetu, tena kitamu. Tunasema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ni methali aliyoipenda Mwalimu mwenyewe. Ila watu husahau kwamba katika andiko lake la Ujamaa la mwaka 1962 alieleza pia kuwa mzee aliyekaa kivulini bila kushika jembe hakuwa mnyonyaji. Alikuwa ameshafanya kazi enzi za nguvu zake. Methali inamhusu mgeni. Bibi aliyezaliwa Iramba, akalima Iramba, akahamishwa Iramba, akazika watoto Iramba na sasa analea wajukuu, ugeni wake uko wapi? Jembe alishalishika tangu mimi na wewe hatujazaliwa. Mpini wake umeacha alama kiganjani, nenda kamshike mkono.

Wenzetu wa Zanzibar wametuonyesha njia nyingine. Baada ya Mapinduzi ya 1964 Mzee Karume alijenga majumba ya ghorofa, yale ya Michenzani yakawa maarufu kuliko yote, na waliopewa kukaa humo hawakuitwa mafukara, waliitwa wananchi. Aprili 2016 ikaanza pensheni jamii: kila mkaazi aliyefikisha miaka 70 alilipwa shilingi 20,000 kwa mwezi, awe mvuvi, awe mkulima wa karafuu, awe waziri mstaafu. Baadaye kiwango kikaongezwa. Haikuuliza paa. Iliuliza miaka. Na mzee anapokwenda kuichukua hajifichi uso, kwa sababu waziri mstaafu naye anastahili ileile. Haki ya wote haina kejeli. Tatizo linaanza pale msaada unapohitaji kwanza uthibitishe mbele za watu kwamba umeanguka.

TUNAOSHIKA KALAMU

Nijibu sasa swali nililouliza mwanzo. Kwa nini kupewa kumeleta kejeli kuliko kutozwa? Nadhani ni kwa sababu kodi ilitupata wote, na kuhama kulitupata wote, kwa hiyo hatukuwa na wa kumcheka. Ruzuku ilichagua. Na binadamu, hasa binadamu mwenye bati lililotoboka na madeni ya duka, akiona jirani amechaguliwa yeye ameachwa, uchungu wake haupandi juu kwa waliopanga bajeti. Unashuka chini, kwa bibi.

Wengi tunaosoma jarida hili ni vijana wa mjini, na wengi tunataka kuandika. Naomba tuangalie wahusika wetu. Katika hadithi zetu maskini ni mlevi, au mchawi, au malaika anayengoja kufa ili tajiri ajifunze jambo. Ni nani amemwandika maskini anayepiga hesabu ya bati? Anayehesabu mayai, anayeweka akiba mia mia, anayebishana na fundi juu ya kenchi na papi, anayeogopa kumalizia nyumba yake kwa sababu ya macho ya jirani? Huyo yupo, nyumba ya tatu kutoka kwako. Ana mkasa wa kutosha riwaya mbili.

Mvua za Novemba zikianza hapa Kiomboi, bati la bibi litapiga kelele kama la mtu mwingine yeyote. Ukilisikia, usiulize fedha zilitoka wapi. Uliza wajukuu wamelala?